Betri za Kiti cha Khalati Rukia

Nilisafiri kwenda Mombasa kwa sababu ya simu moja. Khalati Rukia, mdogo wake marehemu mama, hutoka Mji wa Kale hadi duka lake la leso Biashara Street kwa kiti cha magurudumu cha umeme. Betri zake zilikuwa zimevimba, na mwanawe Athmani, akihofia moto, alikuwa ameapa kukitoa kiti nyumbani. "Kikitoka hicho," khalati aliniambia kwenye simu, "mimi ni mtu wa kitandani."

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi kutoka Voi, ninakoishi, na mfuko wa vifaa ninavyotumia kwa betri zangu za sola: glavu za mpira, kipima umeme na spana zilizozungushiwa tepu. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu.

Adhuhuri niliteremka Mwembe Tayari, na tuktuk ikanifikisha mlangoni. Athmani alinipokea.

"Umekuja kutengeneza au kutuzika? Dari za nyumba hii mbao tupu!"

"Ngoja nione kwanza."

Betri mbili zilikuwa zimetuna kama mahamri. Betri iliyovimba haichajiwi tena, wala haitobolewi. Nilizima kiti, nikavua saa ya chuma, nikafungua waya wa hasi kwanza, kisha nikaziba ncha zote kwa tepu. Nikamuuliza khalati huchaji vipi.

"Kama kawaida. Magharibi nachomeka waya, natandaza leso zangu za kuvaa juu ya kiti, chini naweka chetezo chenye makaa zipate moshi wa udi."

"Kila jioni?"

"Udi wa siku moja haushiki, mwanangu."

Athmani alikaa chini polepole. Nikawaeleza: betri ikichajiwa hupata joto, joto lisipotoka huvimba, na huweza kutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Khalati alifungia joto na gesi ndani ya nguo, kisha akasogeza makaa.

"Ina maana ni mimi niliyetaka kutuchoma?"

"Wewe ulitaka kunukia tu, mama," alisema Athmani, akacheka kwa mara ya kwanza.

Kesho yake tulinunua betri mpya, zote mbili pamoja, za aina na ukubwa ulioandikwa kwenye zile za zamani. Mpya ikifungwa na kuukuu huharibika upesi. Zilizovimba tulimpelekea muuzaji anayekusanya betri mbovu. Kiti sasa huchajiwa karibu na dirisha, juu ya sakafu ya vigae, bila kufunikwa, kila kinaporudi matembezini hadi taa iwe kijani. Chetezo kimehamia chumba cha juu. Athmani alikubali kiti kibaki, kwa sharti kwamba chaji ataisimamia yeye.

Siku ya kurudi nilikuwa nimejua kwamba kabla ya kupima betri, ni vyema kumuuliza mwenyewe jioni yake hupitaje. Khalati alikataa niende stendi peke yangu, mgeni husindikizwa. Alitangulia kwa kiti chake hadi Mwembe Tayari, Athmani nyuma yake, mikono imenyooka tayari.

"Mama, nikusukume?"

"Msukume mgeni wako, basi linamwacha!"