Siku Niliyomsugua Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kuchapa, hapa Eldoret mjini, nilitoka kijijini Sugoi na kitambaa kipya kichwani na darasa la nne ndani ya kichwa hicho hicho.

Fomeni wetu, Bwana Njoroge, alinionyesha droo za herufi. Nyinyi wa simu hamjui: kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, imegeuzwa kama kwenye kioo, nasi tulizipanga moja moja mpaka neno likamilike. Droo moja ilikuwa na kufuli.

"Huyu tunamwita Bibi Harusi," alisema. Herufi zake zilikuwa na nguzo nene, halafu mistari myembamba kama unywele, na vikanyagio vidogo chini. "Ni wa kadi za harusi na jina la duka la dhahabu. Mpe karatasi laini, nafasi kubwa, wino kidogo. Ukimweka kwenye gunia la mahindi, umemuua."

Mwezi wangu wa pili kazini nikataka kuonekana mchapakazi. Niliona droo ya Bibi Harusi imeachwa wazi, na wino umekaukia herufi zake. Nikachukua waya ya kusugulia sufuria, nikazisugua mpaka zikang'aa.

Kesho yake tukachapa kadi za Hilda, binti ya mwalimu mkuu mmoja wa Timboroa. Mama yake angezichukua saa sita. Wekesa, mtu wa mashine, alikuwa amemaliza rundo lote Bwana Njoroge alipoinua moja. Ile H ya Hilda ilikuwa nguzo mbili tu. Kamstari ka katikati hakakuwako.

"Wekesa! Unachapa ama unakanyaga matope ya nyumba?"

"Fomeni, mashine ni ile ile ya jana."

"Vua eproni. Nenda nyumbani."

Wekesa akaanza kufungua kamba. Vidole vilishindwa na fundo. Nami nilijua nikifungua mdomo, nimekwisha.

"Fomeni, ni mimi. Niliisugua na waya."

"Waya gani?"

"Ya sufuria."

"Hellen!" Wekesa akaguta. "Ulidhani ni ugali umegandia?"

Hakuna aliyecheka. Saa nne ilikuwa imepita, na H nyingine kubwa ya aina hiyo hatukuwa nayo. Bwana Njoroge akaniletea kalamu ya ncha nyembamba na rula.

"Wewe uliyeufuta mstari, urudishe. Kila kadi. Ukitia doa moja, Sugoi unajua njia."

Wekesa alinishikia rula. Kila kadi nilibana pumzi.

Mama wa Hilda alipofika, akaipeleka kadi dirishani, akapitisha kidole juu ya jina. Bwana Njoroge akakohoa.

"Imetoka vizuri," mama akasema, akaenda.

Fomeni akanipa ufunguo wa ile droo. "Sasa unajua mahali Bibi Harusi anapoumia."

Niliubeba ufunguo huo chini yake, chini ya fomeni aliyemfuata, Bwana Kiprono, hata chini ya Mama Wairimu aliyeleta kompyuta. Siku hizi mjukuu wangu Faith hunionyesha herufi kama zile kwenye bango la saluni. Mimi huuliza tu kama ile mistari myembamba inaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Siku ya kustaafu, Wekesa alinipa kadi aliyoichapa kwa mashine ya zamani: jina langu, kwa Bibi Harusi. H ilikuwa nguzo mbili. Miaka yote alikuwa ameificha ile herufi.

Akanipa kalamu. "Malizia mwenyewe, Mama Waya."

Nikaupiga mstari bila rula.