Kuku wa Bi Zainabu

Nikisikia mchi ukitwanga kinuni, sauti iliyo adimu huku Mtumba ninakoishi sasa, narudi Ihumwa kwa bibi yangu, Bibi Mbeleje. Tuliishi wawili tu, wazazi wangu wakiwa mbali kikazi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Zainabu, mjane kama Bibi, mzaliwa wa Kondoa. Walishindana kwa kila kitu. Bibi akianza kutwanga mtama alfajiri, Bi Zainabu naye huyo, kwa kishindo zaidi, hata kama kinuni mlikuwa na konzi moja tu. Akilalamika kwamba kwaya yetu inamtoboa masikio, Bibi humjibu kuwa adhana nayo haijawahi kunong'ona. Lakini Krismasi na Idi sahani zilipita kwenye pengo la ua wa minyaa, na kila mmoja alidai cha mwenzake kimezidi chumvi.

Kisha mwana wa Bi Zainabu akaja na gari kumchukua mama yake, akaishi naye Makole, mjini. Bibi alisema sasa tutapumzika. Kesho yake alitwanga kidogo, akatulia, akasikiliza. Akatwanga tena. Tangu hapo mtama ukawa unapelekwa mashineni. Jioni tulikula ugali na mlenda kimya, upepo ukiburuta majani makavu kwenye uwanja wa jirani.

Asubuhi moja Bibi alimkamata kuku aliyeachwa na Bi Zainabu, akamfunga miguu, tukaenda naye Makole. Tulimkuta Bi Zainabu peke yake kwenye sebule ya vigae, runinga ikijisemea.

"Kuku wako amenimalizia mtama," Bibi alisema, hata kabla ya salamu.

"Huyo si wangu. Wangu walikuwa wanene."

Waligombana hadi mchana, nyuso zikiwang'aa. Nilimuuliza Bibi kwa kunong'ona kwa nini hatukumchinja kuku kulekule nyumbani, tukaleta nyama. Alinitazama kwa mshangao.

"Nikichinja mimi, yeye atakula nini?"

Mwana wa Bi Zainabu aliporudi kula, alimchinja kuku, tukala sote sinia moja.

Tuliporudi Ihumwa, Bibi alifagia uwanja wetu, kisha akapita kwenye pengo, akafagia na ule wa nyumba iliyofungwa. Nilidhani ni usafi tu.

Majirani zangu wa sasa ni wapole. Tunapishana ngazini, tunasalimiana, kila mtu anafunga mlango wake. Hakuna aliyewahi kunigombeza. Ndipo nikaelewa Bibi alipoteza nini siku ile gari la Makole lilipoondoka.