Guyo Amefuta Jina Lake Kwenye Safari ya Madagaska

Jamani, leo mimi, mwenye mdomo kuliko mji wetu mzima wa Garsen, nimekosa neno.

Mnamjua Guyo, rafiki yangu mfugaji. Kifua kinammaliza, na mafuriko yamekata barabara, hospitali kubwa hatuwezi kumfikisha.
Basi kila alasiri nakaa mkekani kwake tunapanga safari ya Madagaska, siku nane.
Mpangaji ni mimi, bila shaka. Nani mwingine hapa amepika melini akafika bandari ya Tamatave? Darasa la sita lilinishinda, dunia haikunishinda!

Siku mbili Tamatave, tule kamba wa baharini.
Kisha tupande milimani mpaka Antananarivo.
Siku ya tano Antsirabe, kwenye baridi, akaone ng'ombe wa nundu. (Miji haimhusu kabisa.)

Leo nimefika na daftari. "Mzee, siku ya sita tunalala hoteli ya maji moto!"
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
Kisha akaomba kalamu. Hajui kusoma, lakini jina lake analijua. Akalitafuta kwenye orodha ya wasafiri, akalipiga mstari wa kulifuta.

"Baharia, wewe huhamisha ng'ombe kabla mtu hajatangulia kuangalia malisho?"
"Mimi sina ng'ombe, Guyo."
"Ndiyo maana hujui. Acha mimi nitangulie. Wewe panga polepole, usiharakishe kunifuata."

Nimemshika mkono tu, mtu mzima nalia mbele ya mkewe.

Wapenda kunicheka, leo ruhusa. Au niambieni, nyinyi mngemjibu nini?