Kitufe Upande wa Kiwiko

Mimi ni mashoto. Cucu, mama wa mama yangu, alijaribu kunizoesha mkono wa kulia kwa kunichapa na mwiko, akashindwa, na tangu hapo sijakubali mtu anipangie mkono. Kwa hiyo saa yangu naivaa kulia. Shida ni kwamba saa hutengenezewa wale wengine: kitufe cha kurekebishia saa, ambacho kwao huelekea vidole, kwangu huelekea kiwiko, na kwa baridi ya huku kwetu Kanja, hapo ndipo ukingo wa sweta unapokaa. Muuza saa mmoja mjini Embu aliniambia amesikia kuna saa za mashoto, kitufe kikiwa upande wa pili, lakini hajawahi kuletewa hata moja. Akanishauri nivae kushoto kama watu. Nikamwambia avae yeye.

Saa nilikuwa nayo kwa ajili ya binti yangu. Ana miaka minne, na degedege humshika hata bila homa. Daktari alinipa dawa ya kumtia ndani ya shavu, akanionya: dakika tano zikipita, mtie; zisipopita, usimtie, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi. Niliogopa degedege, nikaogopa na dawa.

Siku hiyo mume wangu alikuwa kazini Kangeta, na simu yangu ilikuwa imezima. Mtoto alianguka kando ya meza akila. Nikamlaza kwa ubavu, nikavuta mkono wa sweta: saa kumi na dakika kumi. Mwili ulikuwa ukimruka, macho yamepinduka. Nikamwita, nikajua hasikii. Nikavuta sweta tena: dakika kumi na tatu. Nikashika dawa, nikangoja. Nikatazama: kumi na tatu. Nilidhani ni woga unaorefusha dakika. Haraka haraka haina baraka, nikajiambia hivyo kweli, mimi mjinga. Nikaomba kwa Kiembu. Midomo yake ikaanza kuwa ya kijivu. Nikatazama, bado kumi na tatu, na ndipo nikaona mshale wa sekunde hausogei. Uzi wa sweta ulikuwa umenasa kitufe na kukivuta nje. Nilipovuta sweta ile mara ya pili, nilikuwa nimeisimamisha saa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimtia dawa, nyingine ikamwagika kidevuni. Baada ya muda akatulia, akalala. Jirani akatukimbiza hospitali kwa pikipiki.

Daktari aliuliza degedege lilidumu dakika ngapi. Nikasema sita. Nilikuwa na aibu, na niliogopa kuonekana mama asiyejua hata kutazama saa. Akaandika sita, akasema kama ni hizo si mbaya, tunaweza kurudi nyumbani. Nikambeba mtoto bado amelala, kichwa kizito begani kwangu, nikafika naye hadi getini. Hapo nikasimama. Nikarudi.

"Daktari, hizo sita nimekudanganya. Saa ilisimama. Sijui zilikuwa ngapi."

Hakunigombeza. Alimpokea mtoto mikononi mwangu, akamwita jina mara mbili, kisha akamwambia nesi atafute kitanda.