Kiti cha Heshima Alichokikataa Mama Isaro

Saa moja asubuhi, ndani ya kiwanda kimoja cha Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo, Marekani, vidole vya Bamurange vinakimbia kuliko mkanda unaomletea kazi. Skrubu, nati, ufunguo mdogo wa kukazia. Vyote vinaingia kwenye mfuko, na mfuko unaingia kwenye boksi la meza ambayo mteja ataiunga mwenyewe nyumbani. Ikipungua skrubu moja, anajua kwa kuupima mfuko kiganjani, na anaurudisha.

Chini ya meza yake, Walter anakoroma.

"Huyu akishanifikisha hapa anasema amemaliza, analala mpaka tutoke," anasema Bamurange, akicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili anageuka. "Donc, kati yetu wawili, mwenye akili ni yeye."

Walter ni mbwa. Ni mweusi, mkubwa, mwenye shingo pana na utulivu wa shemasi. Jina hilo alikuja nalo kutoka shule ya mbwa waongozaji, ambako yeye na Bamurange, mwenye umri wa miaka 49 na asiyeona kabisa, walifundishwa kutembea pamoja. Siku mama huyu alipowatangazia wanawake wenzake wa kanisani kwamba sasa anaishi na Walter, mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, kama huyo Walter ameokoka.

Bamurange alizaliwa kwenye nyanda za juu za Kivu Kusini, Kongo. Vita vilimwondoa huko, mumewe akafia njiani, na maradhi ya presha ya macho yakamchukulia jicho la kwanza akiwa kambini Burundi. La pili lilimzimikia Buffalo, miaka michache baada ya kufika.

"Nilimwambia binti yangu Isaro awashe taa. Akaniambia, mama, taa inawaka. Tulilia siku ile, tulilia vibaya sana. Bon, baadaye tukasikia njaa, tukapika."

Isaro sasa ana miaka 24 na anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Amechumbiwa na kijana aitwaye Gisa, mfanyakazi wa ghala huko Louisville. Kijana ana subira ya ajabu, kwa sababu kwa zaidi ya mwaka mzima kila alipouliza tarehe ya harusi, jibu lilikuwa lile lile: bado.

Sababu ilikuwa mama. Isaro alikuwa akimuuliza kwa Kiingereza, kama vijana wengi wa huku wanavyowajibu wazazi wao, nani atamnunulia chakula yeye akihamia Louisville. Mama alimjibu kwa Kiswahili kwamba atajinunulia. Binti aliguna tu, na guno hilo, anasema Bamurange, lilimuuma kuliko tusi.

"Mutoto wangu alikuwa anazeeka nyumbani kwangu kwa sababu ya ndagala!"

Tuieleze hiyo ndagala. Dagaa hao wakavu, sombe (yaani kisamvu), unga wa muhogo na mafuta ya mawese vinapatikana katika duka la Papa Ezéchias, mtaa wa Riverside, umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwa Bamurange. Katika maduka makubwa ya Wamarekani Walter anaingia bila kuulizwa neno. Mlango uliokuwa umefungwa ni wa duka lile ambamo watu wote wanamjua kwa jina.

Msomaji asikimbilie kumlaani Ezéchias. Huyu ndiye aliyewapokea mama na mwana uwanja wa ndege, na makoti mawili mkononi. Tatizo lake lilikuwa heshima iliyopitiliza.

Siku ya kwanza alipomwona Walter, alitoka mbio na kiti. Akakiweka nje, pembeni ya mlango, akaleta blanketi, akaleta chai ya maziwa. "Mama Isaro, wewe ni mkubwa wetu, na mkubwa hasimami kwenye foleni," alimwambia. "Kaa hapa na mbwa wako. Sema unachotaka, sisi tutakuletea."

Ilikuwa Januari. Wanaoijua Januari ya Buffalo watanielewa.

"Theluji inaniangukia kichwani, chai inapoa, watu wanapita wananiambia Mungu akubariki mama," anakumbuka Bamurange. "Nimekaa kama malkia, ninaganda kama kuku wa friji! Na ndagala walizoniletea zilikuwa na mchanga wa ziwa lote. Mimi ndagala nazichagua kwa pua na kwa vidole. Sasa nitazinusa vipi nikiwa barabarani?"

Ezéchias mwenyewe, aliyekubali kuzungumza huku akipanga magunia, haoni haya kukiri. "Kwetu mlimani mbwa analala nje na ng'ombe. Akiingia ndani, ni fimbo. Na hapa kuna wakaguzi wa afya. Niliwaza, wakimkuta karibu na mawese yangu, duka limekwisha. Sikujua sheria, ndugu yangu. Nilidhani ninamheshimu."

Sheria ya Marekani iko upande wa Walter. Biashara inayohudumia umma haina budi kumruhusu mbwa aliyefundishwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu aingie kila mahali wateja wanapoingia. Mwenye duka hawezi kudai cheti chochote. Kama kazi ya mbwa haionekani wazi, anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Mbwa akifanya fujo na mwenyewe asimtulize, au akijisaidia ndani, hapo anaweza kutolewa. Na hata hapo, mteja mwenyewe bado ana haki ya kuhudumiwa.

Wenzake wa kiwandani walimhimiza Bamurange apeleke malalamiko serikalini. Alikataa katakata. "Nimshtaki mtu aliyenivalisha koti? Hapana. Nilitaka aone aibu kidogo, halafu tuendelee kupendana."

Basi Jumamosi moja, kwenye baridi kali, alifika dukani, akakipita kiti, akafungua mlango na kusimama pale pale kizingitini. Walter miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje.

"Papa Ezéchias, mimi sijaingia," alisema. "Nimesimama tu. Niletee ndagala ninuse."

Wakamletea. Akanusa, akasugua moja kati ya vidole, akasema hapana, nyingine. Wakaleta nyingine. Hizo nazo hapana. Akaomba sombe. Upepo wa Mto Niagara ukaingia ndani ya duka kama umelipiwa, wateja wakaanza kupiga kelele: "Funga mlango, jamani!" Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya rafu ya unga kwamba kama mbwa ndiye anayezuia mlango, basi mbwa aingie wapone.

Ezéchias alishikilia msimamo kwa muda mfupi tu. "Ingia!" akafoka. "Ingieni nyote wawili, mtaniua na baridi!"

Walter aliingia, akampitisha bibi yake katikati ya magunia bila kugusa hata moja, na alipoambiwa alale, akalala. Duka zima likabaki linamtazama. Jumatatu iliyofuata Ezéchias alipiga simu kwa wanaohusika, akaambiwa kwamba mama alikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Alimfuata Bamurange kanisani na kumwomba msamaha mbele ya watu.

Siku hizi kila wanapofika, Ezéchias huuliza kwa sauti kubwa, ili wateja wapya wasikie: "Mama Isaro, huyu amefundishwa kazi gani?" Swali halihitajiki, maana kila mtu anaona. Bamurange hujibu: "Kunizuia nisikupige!" Na duka linacheka.

Jambo moja Isaro hakulijua. Mara ya kwanza mama yake alipokwenda kununua peke yake baada ya mlango ule kufunguka, binti alimfuata kwa siri, upande wa pili wa barabara, akidhani mama hajui.

"Mkia wa Walter ukaanza kunipiga mguu, pa, pa, pa. Nikajua, polisi wangu yuko karibu," anasema Bamurange. "Nikajifanya sijui, nikanunua vitu vyangu taratibu, nikavuka barabara, nikarudi, nikapika. Alipoingia nikamwambia karibu chakula."

Isaro alikula, akasifu sombe, kisha akatoka kwenye baraza akampigia Gisa simu. Harusi ni Julai, Louisville.

Safari itapitia Hilliard, pembeni ya Columbus, anakoishi shemeji yake Bamurange, mzee Rudasingwa. Mzee huyo alijitolea kwa moyo mwema kumpeleka bibi harusi madhabahuni, ili mama asisumbuke. Bamurange alimshukuru, akamwambia atafute kiti cha mbele akae.

"Baba yake alimbeba mtoto huyu mgongoni mpaka nguvu zikaisha, akanikabidhi mimi. Sasa zimebaki hatua chache tu. Nimpe nani mwingine?"

Ila kuna kikwazo, na safari hii sheria haisaidii. Kanisa halibanwi na sheria ile. Linaweza kumkaribisha Walter au kumkataa. Bamurange alimpigia simu mchungaji Medard wa Louisville, akamweleza yote. Mchungaji akasema ataliombea.

Wakati jibu likisubiriwa, kila jioni mama, binti na mbwa walifanya mazoezi kwenye ukumbi mrefu wa jengo lao. Walter hajui mwendo wa harusi. Anatembea kama mtu aliyechelewa zamu. "Polepole, baba," Bamurange alimbembeleza. "Leo hatuendi kiwandani."

Wiki iliyopita mchungaji alipiga simu. Isaro aliweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mchungaji alisema yeye hana neno na mbwa, ila amekwenda kupima njia ya katikati ya viti kanisani na ameiona nyembamba. Je, bibi harusi na gauni lake, mama, na Walter, wataweza kupita wote watatu?

Bamurange alimshika binti yake mkono.

"Tutabanana, mchungaji," alisema.