Beseni la Aliyeanua

Mume wangu alikuwa mwalimu. Kila shule zilipofungwa alitutoa Ujiji kwa miguu, mimi, watoto wetu watatu na mama yake, mpaka kwenye nyumba ndogo ya bati aliyoachiwa na baba yake kando ya ziwa. Majirani walitucheka: "Mwalimu anapumzika kwa kutembea!" Lakini ndivyo alivyopenda. Baada ya sala ya alfajiri tulikunywa chai, tukashika njia ya ufukweni hadi karibu na adhuhuri. Jua lilituchoma, mvua ikatulowesha, jua likatukausha, yote asubuhi moja. Namshukuru Mungu kwa siku zile, ingawa nina deni nazo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mitumbwi ilivuka kutoka ng'ambo imejaa watu, na malori yakaja kuwachukua kuwapeleka kambini. Mwanamke mmoja hakutaka kupanda lori. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akishinda juu ya jiwe karibu na nyumba yetu, macho majini. Mtumbwi wao ulipojaa, binti yake mkubwa alibaki ng'ambo, akaambiwa atakuja na utakaofuata.

"Dada, nikienda kambi, akifika atakuta nani?" aliniambia.

Watu wa pale walimwelewa. Hata mgambo alipita akijifanya hamuoni.

Mama mkwe alikuwa amenunua dagaa wabichi, akawaanika mchangani kwa ajili ya kuwapeleka mjini. Ufukwe ule una desturi yake. Wingu likishuka, yeyote anayeona dagaa wa mwenzake anawaanua, awe ndugu au mtu asiyesalimiana naye. Mwenyewe akirudi, kabla hata hajajifuta maji, anamjazia aliyeanua beseni la kwanza. Haliombwi.

Siku hiyo, kabla hatujatoka, nilichota beseni moja la dagaa, nikawakaanga wawe chakula cha watoto njiani. Mama mkwe alikuwa amekataza wasiguswe. Sikumwambia, na njiani watoto waliwala wakiwa mbele, yeye na mwanawe wakija nyuma.

Mvua ilitukuta mbali. Tulirudi mbio, tukakuta mchanga mtupu. Dagaa walikuwa barazani ndani ya matenga, wamefunikwa kitenge. Yule mwanamke alisimama pembeni na gauni lililolowa, mtoto akilia.

Mama mkwe aliinua kitenge, akazamisha mkono.

"Zimepungua."

"Mama, niliona mvula inakuya, nikakusanya. Zote ziko mule."

"Nimezianika kwa mikono yangu, nisizijue? Hukungoja kupewa beseni lako, umejipimia mwenyewe!"

"Hapana, mama. Mungu anaona."

"Mungu yupi, wa ng'ambo au wa huku?"

Watoto wangu walicheka. Kicheko kile bado ninakisikia.

"Mama, mwache, katusaidia," alisema mume wangu.

"Nyamaza wewe, mwalimu wa kutembea! Ukiibiwa utasema umefanya mazoezi." Kisha akanigeukia. "Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye jiko. Kuna mtu aliyegusa dagaa hizi?"

Kikaango kilikuwa nyuma ya mlango, hakijaoshwa. Yule mwanamke alinitazama kwa matumaini, kwa kuwa mimi nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi.

"Sijui, mama," nikasema.

Mgambo aliitwa. Mtu akishaitwa mwizi mbele ya watu, hakuna tena wa kujifanya hamuoni. Yule mwanamke alipopandishwa lori hakutaja dagaa wala kudai kitenge chake. Alinishika mkono tu. "Dada, akija, umwambie." Mvua ilikuwa imekatika, na jua likawaka vizuri sana.

Siku ya nne tulifunga mizigo. Tulipopita kwenye jiwe lile tulimkuta msichana wa miaka kama kumi, miguu imevimba, ametoka kushuka mtumbwini. Alinyanyuka akashika pindo la kitenge kilichofunika tenga langu kichwani.

"Hii ni ya mama."

"Vitenge vya namna hiyo vimejaa sokoni Kigoma," alisema mama mkwe. "Achia."

"Iko na kiraka. Nilikishona mie."

Nilitua tenga. Kiraka kilikuwepo, cha uzi mwekundu, mishono mikubwa ya kitoto. Nikamfungulia kitenge, nikampa.

"Mama yako amepelekwa kambini," nikamwambia.

"Kambi gani?"

Kambi zilikuwa nyingi, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza lori lile linakwenda wapi.

"Sijui," nikasema. Mara hii ilikuwa kweli.

Mume wangu alimkabidhi kwa mgambo apandishwe lori litakalofuata. Mama mkwe akamjazia dagaa katika pindo la gauni, akasema amefanya sadaka. Hata hapo nilikuwa na nafasi ya kusema habari ya kikaango, na sikusema. Tukaendelea na safari, watoto wakikimbizana na mawimbi.

Sasa mimi ni mzee, na Mungu amenivumilia sana. Ninamwomba msamaha asubuhi na jioni. Lakini katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba haki ya mja Mungu huiacha mkononi mwa mja mwenyewe mpaka aisamehe, na yule mja sijui yuko wapi, wala kama alimpata binti yake.

Dagaa wale tuliwala mwezi mzima. Walikuwa wakavu kabisa. Hakuna hata mmoja aliyepata tone la mvua.