Ng'ombe Aliyesukwa

Mzee Shedrack wa Masama alikuwa na siri moja tu, nayo ilikaa kwenye vidole. Alijua kusuka nywele.

Ilianza mkewe, Ndelilio, alipougua mabega. Mikono haikupanda tena kichwani. Dawa ya kulainisha ilikwisha kumuunguza utosi. Msusi wa mjini naye alivuta mpaka mama wa watu akashindwa kufumba macho. Kunyoa hakutaka. Mwenyekiti wa kwaya alishasema: anayesimama mstari wa mbele awe na kichwa kilichotengenezwa. Na Ndelilio aliimba mstari wa mbele tangu usichana.

“Wewe si unasuka kamba za migomba?” alimwambia mumewe. “Nywele zina ugumu gani?”

“Kamba hailii.”

“Mimi pia sitalia. Funga mlango.”

Akasuka. Mistari mpaka kisogoni, kisha mkia mmoja wa nyuzi nne, kama kamba ya ndama, ncha imefichwa ndani kwa fundo. Fundo lingine hakulijua. Jumapili wanawake wakamzunguka Ndelilio nje ya kanisa. Nani kakusuka?

“Bibi mmoja, huko Moshi mjini.”

Wakashuka kumtafuta. Wakarudi na vumbi. Mzee Shedrack aliyasikia hayo kilabuni, akaficha uso ndani ya kata ya pombe ya mbege. Mwanamume kusuka! Wenzake wangejua, asingekunywa tena kwa amani.

Kabla ya masika Ndelilio akafa. Siri ikabaki na mtu mmoja.

Ila vidole havikuambiwa. Kila Jumamosi jioni, saa ya kumsuka, vilitafuta kazi. Akasuka kamba mpaka banda likajaa. Ng'ombe mmoja atafungwa kamba ngapi? Jumamosi moja akasimama nyuma ya ng'ombe. Mkia ulikuwepo.

Kulipopambazuka, Stella jirani akaja kuchukua maziwa, kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi.

“Shikamoo, Baba Calvin.”

“Marahaba.”

Stella hakunyoosha kidumu chake. Alikuwa anatazama ng'ombe kwa nyuma. Nyuzi nne. Fundo limeingia ndani.

Mzee akakumbuka. Akasogea kuziba. Ng'ombe akapunga mkia huku na huku, anaringa.

“Baba Calvin. Na huyu alishuka mjini?”

“Nzi walikuwa wengi.”

“Nzi!” Stella akatua kidumu, akacheka mpaka kuku wakatawanyika. “Tumezunguka mji mzima, kiatu changu kikakatika, kumbe bibi mwenyewe ana ndevu!”

Kutoka pale hadi kilabuni ni shamba moja tu la migomba. Kicheko kile kingefika bila kutumwa.

Lakini Stella aliacha kucheka. Akavua kilemba. Nywele za mbele zimenyofoka, ngozi imevimba.

“Tazama saluni walivyonifanya. Na leo nimewekwa mstari wa mbele. Pale pa Mama Calvin.”

Mzee akatazama. Akaingia nyumbani, akarudi bandani na kigoda cha Ndelilio na chanuo lake. Kwenye meno ya chanuo kulikuwa na unywele mmoja mweupe. Akautoa taratibu, akautia mfukoni mwa shati.

“Wakikuuliza nani kakusuka?”

Stella akaketi. “Bibi mmoja, huko Moshi mjini.”

“Funga mlango wa banda.”

Akaufunga, akarudi kigodani, akainamisha kichwa.

“Baba Calvin, itauma?”

“Muulize ng'ombe.”